Aende nje sasa, au asome hapa kwanza?

Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, nyumba nyingi za Wete na Chake Chake, kisiwani Pemba, huwa na kikao. Mwaka jana nilikaa katika kimoja. Wakala ameleta barua: binti amekubaliwa na chuo kimoja India, tena kwa ufadhili. Tuliposoma mara ya pili, ufadhili wenyewe ulikuwa punguzo la nusu ya ada. Nusu iliyobaki, dakhalia, chakula, bima na tiketi vyote vya baba, na kwa dola. Baba anauza karafuu kwa shilingi.

Wanaosema aende sasa wana hoja. Mtoto wa miaka 19 hushika lugha upesi na hana mzigo wa nyumba. Udaktari nafasi zake hapa ni za kugombaniwa. Na ufadhili wa kweli upo. Ule wa serikali ya Uturuki, Türkiye Bursları, hulipa ada, malazi, bima, posho ya kila mwezi na tiketi, na humpa mwanafunzi mwaka mzima wa kujifunza Kituruki kabla ya masomo yenyewe. Aliyepata huo mie simwambii asubiri.

Kinachowaponza watoto wetu ni kalenda. Maombi hayo ya Uturuki kwa kawaida hufunguliwa Januari 10 na kufungwa Februari 20. Mtihani wa kidato cha sita ni Mei. Anayemaliza mwaka huo huo anaruhusiwa kuomba kabla hajafanya mtihani, lakini Januari yeye yumo dakhalia, simu hana, na cheti chake cha kidato cha nne kimefungiwa kabatini kwa mama. Skuli ngapi zinamkalisha mtoto mbele ya kompyuta wiki hizo sita? Akitoka Mei, mlango umeshafungwa. Unaobaki wazi Julai na Agosti ni mlango wa vyuo vya kulipia, na hapo ndipo wakala anapopiga hodi. Kwa hiyo wengi tunaosema "wamechagua kwenda mapema" hawakuchagua kitu, wameokota kilichobaki.

Upande wa pili husema shahada ya kwanza isomwe hapa, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) au bara, kisha ndiyo atoke. Mie nimeegemea huku, kwa sababu ya fedha zaidi kuliko uzalendo. Ufadhili kamili wa shahada ya pili ni mwingi kuliko wa ya kwanza. Chevening ya Uingereza, kwa mfano, haimtazami asiye na shahada na uzoefu wa kazi wa miaka 2. Akipita hulipiwa ada, nauli na posho, kwa sharti la kurudi nyumbani na kukaa miaka 2. Halafu hiyo "nje" nayo imeanza kutufuata: tangu 2023 IIT Madras ya India ina tawi lake Bweleo, Unguja. (Ingawa kwa mtu wa Wete, Bweleo nako ni safari ya meli.)

Lakini hoja yetu hii ina tundu, na aliyelionesha ni mama wa binti. Alikuwa kimya muda wote, anapanga vikombe. "Mtoto mwanamme mwambieni asubiri, atakwenda," akasema. "Huyu akisubiri miaka minne, ataolewa, na safari ndiyo imekwisha." Hakuna aliyemjibu. Sisi tunaopenda kusema "baadaye" hatuulizani hiyo baadaye humfikia nani.

Nikaomba nizione karatasi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Aisha, cha mtihani Asha. Jina la baba huku Khamis, kule Hamis. Kwa mtu wa hapa ni jina moja. Kwa afisa wa viza ni watu wawili, na kulisawazisha ni kazi ya wiki kadhaa, viapo na nenda rudi, kabla hata pasipoti haijaombwa. Hilo lingefanywa kidato cha tano kwa utulivu. Na kile chuo cha kwenye barua, hakuna aliyekuwa ameuliza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kama shahada yake itatambuliwa akirudi.

Wakala alitaka malipo ya kushika nafasi ndani ya siku kumi. Baba akaikunja barua, akamgeukia binti mwenyewe, ambaye mpaka hapo hakuna aliyemuuliza kitu.

"Hiyo ya Uturuki," binti akaniuliza, "umri mwisho ngapi?"

Chini ya miaka 21, nikamwambia.

"Basi nitaanza SUZA, Tunguu, mwaka huu. Januari niko huru, na simu ninayo."

Wiki ile ile alikwenda Chake kushughulikia cheti.