Bodaboda akianguka, tunaanza na swali lisilofaa

Bodaboda akigongwa kwenye barabara hii ya Malaba kwenda Tororo, huku Uganda mpakani na Kenya, watu hufika kabla vumbi halijatua. Wanatoka madukani, kwenye vibanda vya chapati, kwenye trela zilizopangana zikingoja kuvuka mpaka. Na karibu kila mara swali la kwanza ni lile lile: nani mwenye makosa? Kijana bado yuko chini, mguu umegeukia upande ambao mguu haugeukii, na tayari kuna mzee anaonyesha kwa mikono jinsi lori lilivyokuja. Mwingine anampinga, anasema boda ndiye aliyekata kona bila kutazama nyuma. Ubishi unanoga. Simu zinainuliwa juu. Aliye chini hajaguswa na mtu, au ameguswa na yule aliyemwokotea simu yake na kutoweka nayo.

Nimeshuhudia ajali za pikipiki nyingi kuliko ambavyo ningependa, na nimefikia kuamini kwamba swali hilo, likiulizwa mapema namna hiyo, linaua watu.

Chukua dereva wa lori. Anajua kabisa kwamba akisimama na kushuka, hatapewa nafasi ya kujieleza. Vijana wa steji ya bodaboda watakuwa wamefika, na kwao aliyelala pale ni mwenzao, basi hukumu imeshatoka. Atapigwa, kioo kitavunjwa, na siku mbaya gari litachomwa moto. Kwa hiyo anakanyaga mafuta mpaka kituo cha polisi kilicho karibu na kujisalimisha huko, au hasalimishi kitu, anapotea. Tunamlaani kwamba hana utu. Lakini gari lile mara nyingi ndilo pekee lililokuwa na mahali pa kumlaza mtu, na sisi ndio tuliomfundisha dereva asisimame. Wenye magari madogo nao wamejifunza. Wanapunguza mwendo, wanachungulia, wanaona umati, wanapita.

Kinachobaki ni pikapu ya polisi, kabangali, kama ipo na kama ina mafuta. Majeruhi anashikwa mikono na miguu, anarushwa nyuma kama gunia la makaa, kichwa kinaning'inia. Pikapu isipokuja, anapandishwa kwenye bodaboda nyingine. Hapa ndipo ninapoomba msomaji asimame kidogo atazame. Dereva mbele, majeruhi katikati, msaidizi nyuma amemkumbatia ili asianguke. Mishikaki ya watu watatu, mmoja amezimia. Paja limevunjika, na mguu ule hauna kitu kilichoushika. Unabembea, kisigino kinapiga ekzosi, na kwenye kila tuta ncha za mfupa zinachimba nyama. Mfupa wa paja ukivunjika, damu inaweza kuvuja ndani kwa ndani lita moja na zaidi bila tone kuonekana nje. Wanaofika naye hospitalini wanasema, "Alikuwa anaongea njiani, sijui kimetokea nini." Kilichotokea ni safari yenyewe.

Kuna mengine tunayafanya kwa moyo mwema kabisa. Tunamkalisha kwa nguvu ili "apate hewa". Tunammiminia maji mdomoni mtu ambaye hajitambui, maji yanaingia kwenye mapafu. Tunaivuta helmeti kwa mikono miwili kama anayeng'oa muhogo, wakati shingo huenda imevunjika. Asiyefundishwa aiache helmeti ilivyo, isipokuwa kama mtu hapumui na hakuna njia nyingine ya kuufikia mdomo wake. Nimewahi kulisema hilo kwenye umati nikaambiwa, "Mwalimu, wewe ni daktari?" Helmeti ikavuliwa.

Hapo ni kama ameanguka akiwa nayo kichwani, jambo ambalo si la kawaida sana huku. Wengi wanaitundika kwenye usukani na kuivaa wakiona trafiki mbele, mkanda haujafungwa, ikiruka inaruka peke yake. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba helmeti iliyovaliwa sawasawa hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Na abiria je? Abiria ndiye amesahaulika kabisa. Mama aliyevaa gomesi, lile gauni refu la Kiganda, amekaa upande, mtoto mgongoni, mkono mmoja umeshika mkoba: huyo hana hata cha kushikilia. Ukimpa helmeti ya wote ananusa jasho la watu kumi ndani yake, anairudisha. Siwezi kumlaumu sana.

Sasa, najua kuna wasomaji wameshaanza kusema bodaboda ni vichaa na wanajitakia. Wapo wa hivyo. Wapo wanaopita katikati ya trela mbili zinazopishana, wapo wanaoendesha wamelewa, wapo ambao hawajawahi kuiona leseni. Lakini kaa nao steji jioni moja uwasikilize. Huyu pikipiki si yake, kila jioni anapeleka hesabu kwa mwenyewe, mvua inyeshe isinyeshe. Yule amechukua kwa mkopo, analipa kila wiki, na akikosa inakuja kuchukuliwa. Anaamka kabla ya adhana ya alfajiri na saa nne usiku bado anatafuta abiria mmoja wa mwisho. Na sisi abiria tunapanda tumeshachelewa: "Kimbiza boda, basi linaondoka!" Akikimbiza tunafurahi. Akianguka tunasema alikuwa na mwendo.

Barabara yenyewe nayo ina mambo yake. Lori likiharibika usiku, utingo anakata matawi na kuyapanga kwenye lami kuwaonya wanaokuja, na kuweka mawe makubwa nyuma ya matairi. Lori likitengenezwa linaondoka. Matawi yanabaki. Mawe yanabaki. Kwa mwenye gari, jiwe lile ni kishindo na matusi. Kwa mwenye pikipiki yenye taa hafifu, ndio mwisho wa habari. Juu ya hayo, trela ikikupita kwa kasi upepo wake unakusukuma nje, na ukingo wa lami mahali pengine umemomonyoka, ukishuka hupandi tena bila kuyumba. Hakuna anayemkamata mtu kwa kuacha jiwe barabarani. (Ningekuwa trafiki ningeanza na hao.)

Ripoti ya polisi ya mwaka 2024 ilihesabu watu 5,144 waliokufa kwenye ajali za barabarani nchini Uganda, yaani kama 14 kila siku, na waendesha pikipiki na abiria wao ni sehemu kubwa sana ya hao. Gharama nayo si ya familia peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu Hospitali ya Mulago, Kampala, ulikadiria kwamba majeruhi wa bodaboda walikuwa wakila zaidi ya asilimia 60 ya bajeti ya idara ya upasuaji. Huku kwetu, anayepewa rufaa kwenda Mulago ana zaidi ya kilomita 200 za kusafiri akiwa amevunjika, na mara nyingi ndugu wanauza mbuzi kwanza ili mafuta ya gari yapatikane.

Kazi hii ya bodaboda ilianzia huku mpakani, Busia kisha hapa Malaba, enzi za baiskeli zilizovusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka. Tumekuwa nayo muda mrefu kuliko Kampala. Ndiyo maana naona tungekuwa wa kwanza kukubali jambo moja lililo wazi: gari la wagonjwa la Malaba ni bodaboda. Si hali ya kujivunia, ila ndiyo hali. Wanaofika kwanza kwenye ajali ni wao, wanaojua njia za mkato ni wao, na steji ziko kila baada ya hatua chache kuanzia geti la mpaka mpaka mjini Tororo. Basi wafundishwe. Mwaka 2016 kule Iganga, kwenye barabara hii hii kuu, waendesha bodaboda zaidi ya 100 walipewa mafunzo ya huduma ya kwanza: kukandamiza jeraha linalotoka damu, kufunga mguu uliovunjika usicheze, kumgeuza asiyejitambua kwa ubavu ili asisongwe na matapishi. Hayo hayahitaji cheti cha uuguzi wala mashine. Kijana anayeweza kufungua kabureta gizani atashindwaje kufunga mguu?

Vikwazo vipo, na si vya masomo. Anayempeleka majeruhi anarudi na kiti kilicholowa damu, amepoteza wateja wa nusu siku, mafuta yamekwisha na hakuna wa kumrudishia. Hospitalini anaulizwa: "Wewe ni nani wake?" Akisema si ndugu, macho yanabadilika, ina maana ndiye aliyemgonga. Ndugu wa mgonjwa wakifika, huanza naye. Polisi wanataka aandikishe maelezo leo, arudi kesho, arudi Jumatatu. Nawajua walioapa hawatambeba tena mtu asiye wa steji yao, na ni watu wazuri. Kituo cha polisi kikisema tu hadharani kwamba aliyembeba majeruhi ataacha jina na simu kisha aende zake, na kikitimiza, nusu ya woga huo ungeisha.

Steji yetu ina mchango wa kila wiki, na mpaka sasa unakwenda zaidi kwenye misiba: turubai, sukari, basi la kwenda kuzika. Nilimwomba mwenyekiti sehemu ndogo inunue glavu, bendeji pana, mkasi na vitambaa safi, viwekwe kwenye sanduku dukani kwa mama anayeuza mandazi kwa sababu yeye hafungi. Mwenyekiti alinisikiliza vizuri, kisha akasema wanachama watagoma, kununua vitu vya ajali kabla ya ajali ni kujiitia mkosi. Tulibishana siku mbili. Hatimaye tumekubaliana kuanza na glavu na bendeji, na seremala wa jirani ametoa bure mbao nne fupi zilizopigwa randa, za kufungia mguu uliovunjika. Bado tunatafuta mwuguzi au mganga wa zahanati aje Jumapili mchana, baada ya watu kutoka kanisani, awafundishe vijana kwa muda wa saa mbili au tatu hivi. Chakula cha mchana kipo, nauli tutamrudishia, na wa kumfuata hadi nyumbani kwake hawakosi.