Programu ya Zamani Bado Ina Kazi

Mtu akisema kwamba kwenye kompyuta yake mpya bado anatumia programu iliyotengenezwa miaka ishirini na zaidi iliyopita, jibu analopewa mara nyingi ni moja tu: achana nayo, tafuta ya kisasa. Sikubaliani na jibu hilo. Programu haiozi wala haishiki kutu. Maagizo yaliyoandikwa ndani yake mwaka 1998 ni yale yale leo, na kilichobadilika ni mfumo endeshi unaoizunguka, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta, kama Windows. Zaidi ya hayo, ndani ya programu hizo zimo kazi za watu, yaani hesabu, michoro, tungo na kumbukumbu, zilizohifadhiwa kwa muundo ambao programu nyingine haiwezi kuusoma. Anayeambiwa aitupe programu ya namna hiyo anaambiwa autupe ufunguo ilhali sanduku bado limejaa mali yake.

Kwa miaka mingi nimekusanya istilahi za kazi yangu ya tafsiri katika programu ndogo ya kadi, ambayo mtengenezaji wake alikwisha kufunga shughuli. Nilipohamia kompyuta yenye Windows ya biti 64 (idadi ya biti huonyesha kizazi cha programu: 16 ni cha kale, 32 cha kati, 64 cha sasa), faili ya kusakinisha ilikataa kufunguka, na ujumbe ukanieleza kwamba programu hiyo haiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta yangu. Kumbe programu yenyewe ilikuwa ya biti 32, ambayo Windows ya biti 64 huiendesha kupitia tabaka liitwalo WOW64. Kisakinishi peke yake ndicho kilichokuwa cha biti 16. Watengenezaji wengi wa miaka ya 1990 walikuwa na mtindo huo, kwa kuwa kisakinishi cha biti 16 kilifunguka hata kwenye Windows 3.1, ilhali Windows za biti 64 ziliacha kabisa kuendesha programu za biti 16. Nikainakili folda nzima kutoka kompyuta ya zamani hadi ndani ya Program Files, folda ambamo Windows huweka programu, nikabofya mara mbili, na lile dirisha la kijivu nililolizoea likafunguka, kadi zote zikiwamo.

Miezi sita baadaye nilitengeneza nakala rudufu. Niliichukua faili ya data kutoka folda ya programu, nikaiweka kwenye diski ya nje, kisha, kwa tahadhari tu, nikaifungua ili kuihakiki. Kadi za miezi yote sita hazikuwamo, na tarehe ya faili ilikuwa ile ile ya siku niliyoihamisha. Nilitetemeka, sikufichi msomaji. Ilinichukua jioni nzima kuelewa kilichotokea: tangu Windows Vista, iliyotolewa kwa umma mwaka 2007, programu ya kawaida hairuhusiwi kuandika ndani ya Program Files, na programu kongwe inayojaribu kufanya hivyo huachwa iamini kwamba imefanikiwa, huku maandishi yake yakielekezwa kimyakimya kwenye folda iitwayo VirtualStore, ndani ya eneo la mtumiaji mwenyewe. Kadi zangu zote nilizikuta huko.

Nauheshimu ubunifu huo, maana aliyeubuni aliifikiria programu ambayo hakuna tena mtu wa kuirekebisha. Hata hivyo, tangu siku ile kila programu ya zamani naiweka katika folda niliyoiunda mwenyewe, nje kabisa ya Program Files, na nawasihi wengine wafanye hivyo.

Uangalifu wa namna hiyo si jambo lisilowezekana kwa watengenezaji wa mifumo. IBM ilitangaza familia ya kompyuta za System/360 mwaka 1964, na kompyuta zake kubwa za leo bado zina uwezo wa kuendesha programu zilizoandikwa kwa ajili ya familia hiyo. Linus Torvalds, mwanzilishi wa mfumo endeshi wa Linux, naye ameshikilia kwa ukali kanuni kwamba mabadiliko katika kiini cha Linux yasivunje programu za watumiaji. Apple imefuata njia nyingine: macOS Catalina, toleo la mwaka 2019 la mfumo endeshi wa kompyuta zake, iliondoa kabisa uwezo wa kuendesha programu za biti 32. Naikubali sababu, kwa kuwa kila tabaka la zamani linahitaji matunzo na linaweza kuficha tundu la usalama, na ni kweli kwamba onyo lilianza kutolewa mwaka 2018. Lakini onyo lile lilisema programu inapaswa kuboreshwa na mtengenezaji wake. Je, mtengenezaji akiwa hayupo tena?

Wanaohofia usalama wana hoja nzito, ila naona mara nyingi wanachanganya mambo mawili. Programu kongwe juu ya mfumo unaopata masasisho si sawa na mfumo kongwe uliounganishwa na intaneti. Windows XP iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 8 Aprili 2014, na shambulio la Mei 2017 la WannaCry, programu hasidi iliyofunga faili za watu na kudai fidia, lilikuwa zito kiasi kwamba Microsoft ililazimika kutoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu la usalama, hata kwa XP iliyokwisha kustaafishwa. Anayebaki na XP mtandaoni kwa ajili ya programu moja anaihatarisha nyumba nzima kwa sababu ya chumba kimoja. Na aiweke XP hiyo ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi, kwa kutumia VirtualBox au programu nyingine ya aina hiyo, kisha akate kabisa kadi ya mtandao ya mashine hiyo. Programu za DOS, mfumo endeshi uliotangulia Windows, zina DOSBox ya kuziendesha, na watumiaji wa Linux wana Wine ya kuendeshea programu za Windows, mradi ulioanza mwaka 1993. Hali ya upatanifu iliyomo katika Windows yenyewe, yaani mpangilio unaoifanya programu ijione iko kwenye Windows ya zamani, husaidia pale programu inapokagua toleo la mfumo na kujikatalia bure; kwa viendeshi, yaani programu zinazoiwezesha kompyuta kutumia vifaa kama printa na skana, haina msaada.

Kinachoniuma zaidi ni programu zinazokataa kufunguka kwa sababu seva ya kuthibitisha leseni, yaani kompyuta ya mtengenezaji inayokagua mtandaoni kama mtumiaji ana haki ya kuitumia programu, imezimwa. Mfumo endeshi hauna hatia hapo. Kampuni inayofunga seva hiyo ingeweza, kabla ya kuondoka, kutoa toleo la mwisho lisilohitaji uthibitisho, na naamini sheria ingepaswa kuilazimisha.

Kadi zangu nimekwisha kuzitoa katika faili ya maandishi matupu, inayosomeka popote. Marejeo ya kutoka kadi moja hadi nyingine hayakutoka pamoja nazo, kwa hiyo programu ingali imesakinishwa ndani ya mashine pepe isiyo na mtandao, nami naifungua karibu kila juma.