Nachora, na Hakuna Anayeniuliza Inalipa Kiasi Gani

Juzi nilimweleza msimamizi wa ghala ninakofanya kazi hapa Hamburg kwamba siku za Jumatano sitaweza kushika zamu ya jioni, kwa sababu nimejiandikisha darasa la kuchora katika Volkshochschule, ile shule ya jiji inayofundisha watu wazima. Alinihamishia zamu ya asubuhi, akauliza kama tunatumia mkaa au rangi ya mafuta, kisha akaendelea na makontena yake. Hakuuliza inalipa kiasi gani. Nimefurahi mno, na nimekasirika pia, maana nimekulia Majengo, Moshi, ambako swali hilo huulizwa kabla hata hujamaliza kueleza unachora nini.

Najua mtasema nimefika Ulaya juzi, nimesahau mtori, sasa nataka kuwafundisha watu kuishi. Huku nabeba maboksi. Kiuno kinaniuma kama kilivyomuuma baba alipokuwa akipakua magunia kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa, na chumba nilichopanga ni kidogo kuliko sebule yetu. Ninachosema ni kwamba mbeba maboksi wa huku anahesabiwa kuwa na jioni yake mwenyewe, ilhali mbeba magunia wa kwetu, au mwanawe, akionekana ameshika brashi, kikao cha ukoo kinaitishwa.

Changu kiliitishwa nilipomaliza kidato cha nne. Mjomba aliteremka kutoka Marangu, shangazi akaacha ndizi zake sokoni Mbuyuni, na wote wakakubaliana kwamba mtoto aliyelipiwa ada kwa jasho hawezi kwenda kuchora vibao vya saluni. Ajabu ni kwamba baba huyohuyo aliimba sauti ya nne katika kwaya ya usharika miaka yote ninayoikumbuka. Alirudi kazini na vumbi la kahawa kichwani, akaoga, akaenda mazoezini, wala hakuna aliyemuuliza anaingiza nini. Ukoo ulichangia hadi sare. Watu wa Moshi tunaipenda sanaa sana, mradi iwe ya kundi, iwe ya kanisani, au iwe ya harusi ambayo kamati yake imekesha ikihesabu kadi za michango. Tusiyemvumilia ni mtu mmoja mwenye shauku yake, anayenunua rangi kabla ya kununua bati.

Mwingine atanikumbusha kwamba Wajerumani wana uwezo. Ni kweli, na hapo ndipo ninapomwelewa mzee. Tangu 1983 nchi hii ina mfuko wa bima kwa wasanii waliojiajiri, Künstlersozialkasse, ambao kwao msanii hulipa takribani nusu ya michango ya matibabu na ya uzeeni, na nusu nyingine hutoka serikalini na kwa kampuni zinazotumia kazi za sanaa. Pale Majengo mfuko huo alikuwa baba. Hofu yake ilikuwa hesabu sahihi kabisa, ingawa hadi leo naona hakuwa na haki ya kuwashia jiko michoro yangu.

Lakini anayedai kwamba uwezo ndio kila kitu anieleze habari za Edward Tingatinga. Kibarua yule kutoka Tunduru hakusubiri turubai: mwishoni mwa miaka ya 1960, kule Dar es Salaam, alichora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya baiskeli. Alifariki 1972, na leo vijana wanaowauzia watalii picha pale Arusha wanakula kwa mtindo wake. Kikao gani cha ukoo kingempitisha?

Wala sidai kwamba huku ni peponi. Hakuna aliyeuliza inalipa kiasi gani, na hakuna aliyeomba kuiona. Jirani alinikuta ngazini nimebeba picha kubwa, akanipisha kwa adabu, basi. Nilipochora ng'ombe kwenye ukuta wa bucha kule Pasua, walisimama waendesha bodaboda, mama ntilie na mlevi mmoja, wakabishana kwa sauti kuhusu pembe, na mlevi ndiye aliyekuwa sahihi.

Mtaniambia basi rudi ukachore bucha. Nitakuja Desemba, pamoja na Wachaga wengine wote, na bila shaka kikao kitakuwa na ajenda ya paa la mjomba. Bati nitachangia. Nimeuza picha ngapi, hilo sitalijibu.