Ratiba ya Tokyo Haivunjwi

Kama hujawahi kuomba viza ya Japani ngoja nikuambie, moja ya vitu wanavyotaka ni ratiba, yani kuna fomu unajaza siku kwa siku, tarehe fulani utakuwa wapi, utafanya nini, utalala hoteli gani na namba ya simu ya hiyo hoteli. Fomu ya kawaida tu. Watu wanajaza, wanapeleka, maisha yanaendelea. Shemeji yangu, mume wa dada, yeye ile karatasi aliichukulia kama kiapo. Alitoa kopi, akaipeleka laminesheni, akawa anatembea nayo kwenye begi la mkononi. "Shem, hii tumeahidi serikali ya watu. Ukisema Jumanne uko Asakusa wakakukuta kwingine, unarudishwa na ndege ileile uliyokuja nayo."

Shemeji ana duka la spea Kariakoo, mzigo wake mwingi unatoka Japani, kwa hiyo alikuwa anaongea kama mtu aliyezaliwa Yokohama wakati hajawahi kukanyaga hata mara moja. Hii ilikuwa mara ya kwanza, wiki nzima Tokyo, mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja. Dada aligoma, akasema baridi yenyewe anaiona kwenye friji inamtosha. Nikabebwa mimi, kazi yangu kupiga picha.

Sasa fomu ya ubalozi haitaki masaa, inataka siku tu, ila shemeji hakuridhika. Akaenda kwa kijana wa steshenari, yeye anasoma kwa sauti kijana anachapa kwenye kalenda ya simu, chai saa moja asubuhi, mnada wa samaki Toyosu saa kumi na moja na nusu alfajiri, mnara wa Skytree saa kumi na mbili jioni tukaone taa za mji, mpaka ndege ya kurudi saa nne na nusu usiku. Kila kitu na kengele yake, simu ikilia mnatoka. Wiki nzima ikakaa humo ndani mpaka muda wa kunawa mikono, natania kidogo tu hapo.

Tukapitia Doha, tukatua Narita usiku, simu ikashika mtandao wa pale ikajigeuza saa yenyewe, maana Japani wako mbele yetu masaa sita. Kumbe na kalenda nayo imehama. Kijana wa watu alichapa kwa saa za Dar, simu ikaona huyu mtu kahamia Tokyo, ikasukuma kila kitu masaa sita mbele bila kumuuliza mtu.

Na hapo bado kusingekuwa na neno, mtu yeyote angeshtuka siku ya kwanza tu. Tatizo ni kwamba shemeji alishatoa tamko tukiwa bado kwenye ndege: "Nchi za watu saa inasomwa ilivyoandikwa, hakuna mambo ya kugeuza, ikiandikwa moja ni saa moja." Sasa piga hesabu mwenyewe. Chai kijana kaandika 7:00 ya asubuhi, ndo saa moja yetu. Ongeza masaa sita, simu inasoma 1:00. Na shemeji anasomaje 1:00? Saa moja! Yani kila namba iliyokuwa inatokea kwenye ile simu ilikuwa inafanana kabisa na aliyomtajia kijana kwa mdomo wake. Sijui ni Mungu ama ni shetani aliyepanga tofauti ya masaa sita iwe sawasawa na namna tunavyohesabu saa sisi.

Asubuhi ya kwanza tumelala tu. Mi nina njaa, namwambia shem tushuke tukale, ananijibu kengele haijalia. Kengele ikaja kulia jua liko utosini, tunafika chini tunakuta vyombo vya chai vimeshatolewa zamani, mama mmoja anafuta meza za mwisho. Nikamwambia shemeji hii si asubuhi. Na dada naye ni kama alikuwa anasubiri, akapiga video muda uleule.

Shemeji akamuuliza, "Mama, huko saa ngapi?"

"Saa moja hii, watoto ndo wanaondoka kwenda shule."

Akanigeuzia simu. Juu imeandikwa 1:00. Akaniangalia kwa huruma kabisa, vile unavyomwangalia mtu anayeanza kuumwa malaria. "Shem, saa moja huko, saa moja huku. Unataka nini tena?"

Hilo jua je?

"Wewe huwa unasikia watu wanaiita nchi ya jua, ulidhani ni utani?"

Toyosu ndo ilikuwa ndoto yake. Kuna soko la samaki lilihamia pale kutoka Tsukiji mwaka 2018, na mnada wa jodari unafanyika alfajiri, madude makubwa yamegandishwa yamepangwa chini, watu wanapita wanachungulia nyama na tochi, dalali anapiga kelele. Ndivyo alivyoona kwenye video. Sisi tumefika saa kumi na moja na nusu ya shemeji, yani mchana unakaribia saa sita. Tumesimama kwenye kioo cha wageni tunaangalia chini, sakafu imeoshwa inang'aa, kuna jamaa mmoja na buti na mpira wa maji. Jodari hata mkia hakuna. Shemeji akakaa kimya weee, afu akasema, "Wenzetu wana usafi, soko letu la Feri saa hizi ungekuta inzi." Akaniambia nimpige picha na jamaa wa mpira.

Stesheni ya Shinjuku usiniulize. Kijana wa steshenari alikuwa na akili, aliweka saa tano na nusu asubuhi ili watu wawe makazini, maana ile stesheni inapitisha watu kama milioni tatu kwa siku na ina milango ya kutokea zaidi ya 200. Sisi tukaingia kwenye 5:30 ya jioni, Tokyo nzima ndo inatoka kazini. Hatukutembea, tulibebwa. Treni imejaa hujui mkono ni wako au wa jirani, na kimya, hakuna anayeongea, kwenye treni za kule kuongea na simu ni ukosefu wa adabu kabisa. Simu ya shemeji ikaita. Anashindwa kuifikia mfukoni. Ule mlio wake wa taarabu ukaimba mpaka ukamaliza, ukaanza tena, maana dada hakati tamaa, na kuna kaka mmoja mwenye suti kafumba macho kabisa kama anaomba yaishe.

Sasa twende Skytree. Huu mnara una mita 634, ulifunguliwa 2012, na ratiba inasema saa kumi na mbili jioni. Simu imeandika 12:00. Nje giza, na shemeji anasema unaona, jioni hii. Nikamwambia shem treni zenyewe zinakaribia kuisha. Akatoa karatasi ya laminesheni. Siku hiyo imeandikwa Skytree. Nikavaa koti.

Tumefika milango imefungwa, taa za chini zimezimwa, baridi inakata masikio. Pale nje kuna mzee mlinzi, kofia, glavu nyeupe, kashika kirungu cha taa nyekundu. Shemeji akamsogezea simu, Skytree, 12:00. Mzee akaangalia simu, akaangalia mnara, akainama kwa heshima, afu akainua mikono akaikunja mbele ya kifua ikawa eksi. Kule ile eksi maana yake hapana, hairuhusiwi, imefungwa. Shemeji akarudi hatua moja nyuma, akainama, na yeye akakunja eksi yake. Mzee akashangaa, akakunja tena, safari hii kwa nguvu zaidi. Shemeji naye akazidisha. Wakaendelea hivo wanainamiana na kukunjiana mi nimejikunyata pembeni machozi yananitoka, mpaka shemeji akaniambia, "Piga picha basi, watu wakarimu hawa."

Kurudi treni hakuna. Tukaingia kwenye kiduka cha masaa 24, shemeji akanunua tonge la wali la pembetatu lililofungwa na mwani. Karatasi yake ina namba, vuta 1, vuta 2, vuta 3, yeye kaanza na 3, mwani ukabaki kwenye karatasi na wali ukabaki kiganjani. Katikati kuna kitu chekundu, akakimeza chote akidhani tende. Ilikuwa plamu ya chumvi. Ukwaju ukasome.

Tukachukua teksi. Mlango wa nyuma wa teksi za kule dereva ndo anaufungua akiwa amekaa kwenye kiti chake. Shemeji kashika kitasa, mlango unamfuata, anavuta, unamfuata, dereva anapunga mkono aachie, shemeji na yeye anampungia. Usiku nauli inapanda asilimia 20, nikawa naangalia mita naye anaangalia mita, kila ikibadilika anazidisha kichwani kuwa shilingi anaguna.

Siku ya kuondoka nilimwonyesha tiketi. 22:30. "Ndo saa nne na nusu usiku," akajibu, "na simu inasema saa nne na nusu." Nikamwambia ya simu ni 4:30 ya alfajiri. "Usiku si usiku?" Basi. Saa mbili usiku huo anashuka mapokezi na soksi kuomba aitiwe teksi ya usiku wa manane, ya kwenda Narita kupanda ndege ya 4:30. Dada wa mapokezi akatabasamu, akaandika kwenye mashine ya kutafsiri, ikatoka sauti ya Kiingereza cha taratibu: Narita usiku wa manane ndege haziruki, wakazi wa jirani wanalala. Afu akaiomba tiketi, akaisoma, tabasamu likaondoka.

Yule binti akakunja eksi.

Bahati yetu hoteli ilikuwa Ueno, treni ya Skyliner inaanzia hapohapo na ni kama dakika arobaini na kitu. Shemeji alikimbia na begi moja na kiatu kimoja hakijafungwa, hasemi kitu. Kaunta ilikuwa inakaribia kufungwa.

Tumefika Dar, simu ikashika mtandao, ikajirudisha masaa sita nyuma, na kalenda nayo ikarudi yote mahali pake. Jioni shemeji kakaa sebuleni, majirani wamejaa, anawapitisha siku kwa siku: Toyosu 5:30 alfajiri, Shinjuku 11:30, Skytree 6:00 jioni. "Hatukuchelewa hata sehemu moja, muulizeni shem." Wote wakanigeukia. Nikanywa chai.

Dada alikuwa anapitisha picha. "Baba fulani, huyu mzee hapa mbona kakunja mikono?"

"Salamu yao hiyo," shemeji akasema, akasimama awaonyeshe inavyofanywa.