Nipeni karara, ujumbe baadaye

Mikutano ya vikaragosi hapa kwetu Zanzibar huanza na karatasi. Taasisi inakuita, chai inakuja na sambusa, kisha unakabidhiwa orodha ya ujumbe: watoto wanawe mikono, mifuko isitupwe baharini, mabinti wasiachishwe skuli. Maneno mazuri yote, hakuna wa kuyapinga. Halafu mtu anakugeukia: "Sasa fundi, tutengenezee kikaragosi cha kuyasema haya." Hapo kikaragosi chenyewe nakijua hata sijakata kitambaa. Kitakuwa na macho ya duara na mdomo mpana, kitawasemesha watoto kwa sauti ya tangazo la sheha, watoto watauchekea mdomo, na mradi ukimalizika kitapandishwa juu ya kabati la ofisi kikakae na mafaili.

Mimi nasema anayetafuta fikra mpya katika kazi hii aanze na kitu kilichomo mkononi mwake. Hadithi itakuja. Isipokuja, basi kitu hicho hakikuwa chake, akitue aokote chengine. Jim Henson, yule Mmarekani aliyejulikana dunia nzima kwa vikaragosi, alimshona Kermit wa mwanzo mwaka 1955 kwa koti kuukuu la mama yake, na macho akayafanya kwa mpira wa tenisi ya mezani alioukata nusu kwa nusu. Kermit wa siku hizo hata chura hakuwa. Uchura ulikuja miaka baadaye, koti lilikuwepo tangu zamani.

Kwetu koti hatuna haja nalo, lakini karara tunazo za kutosha. Ua la mnazi hutoka likiwa limefungwa ndani ya ala ngumu, na ala hiyo ikikauka hupasuka kwa urefu wake na mwisho ikaanguka. Wengi wetu tunaiokota tukaitia jikoni. Kabla hujaitia, igeuze kidogo. Imechongoka ncha zote mbili, mgongo wake una michirizi inayokwenda sambamba, ndani ni laini na rangi yake ni ya mchanga uliolowa. Nilizipata mbili zilizolingana katika shamba moja Jambiani, nikaziunganisha nyuma kwa bawaba ya mpira wa ndara iliyotupwa na bahari, nikazifungua na kuzifumba. Taya za papa. Nilikwenda shamba kutafuta makumbi ya kutengenezea nywele, habari ya papa sikuwa nayo kabisa.

Na papa akishakuwepo, kila aliyelelewa na bibi wa Kiswahili anajua nani anamfuata. Ni yule kima wa juu ya mkuyu ulioinamia baharini, aliyekuwa akimtupia papa matunda mpaka wakawa marafiki, kisha akapandishwa mgongoni kwenda kutembezwa, na katikati ya maji akaambiwa kuwa sultani wa papa ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Sitaimaliza, mnaijua. Ninachotaka kusema ni kwamba ile hadithi ilikuja kwa kuitwa na taya. Ningekaa mezani na kalamu nikijiuliza nitengeneze nini, kichwa kingenirudisha kwenye kunawa mikono.

Hata hivyo hadithi haikutengenezei papa. Lazima aende, na mwendo wake una kanuni. Mkia wa papa umesimama wima, kwa hivyo hupiga kushoto na kulia. Wa pomboo umelala, hupiga juu na chini. Nenda Malindi ya hapa mjini Unguja asubuhi samaki wanaposhushwa utauona kwa macho yako, na ukipata mvuvi mwenye nafasi atakuonesha kwa mkono wapi panapokunjika na wapi hapakunjiki. Kuligeuza hilo ni kazi ya bawaba moja tu, iwe wima au ilale, lakini mpelekee mtoto wa pwani papa anayepiga mkia juu na chini, atakwambia hapo hapo kuwa huyo si papa, na hutomrudisha tena.

Kima ndiye aliyenichukua muda, na nilifurahi kuchukuliwa. Kwa kuwa kima punju ndiye wa kwetu, na wale wa msitu wa Ngezi kule Pemba waliletwa kutoka Unguja, nilikwenda kuwatazama Jozani. Msitu ule tangu 2004 umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, na wale wa pembezoni wameshawazoea watu kiasi cha kukukalia karibu wakitafuna. Nilikuwa nawatazama mikono. Kima punju hana kidole gumba. Pale gumba lilipopaswa kuwa pana kinundu tu. Vidole vinne vilivyobaki ni virefu na vimepinda, akitaka tawi hukumba lote akalivuta.

Sasa fikiria unatengeneza mkono huo. Waya nne, mpira wa baiskeli wa kuzungushia, uzi wa kuvutia vidole vifumbe. Ukimaliza una mkono usiojua kuokota kitu kimoja kimoja. Kila ukigusa unakumba. Ukiutia kwenye sahani ya njugu hutoka na njugu zote na kitambaa cha meza. Tabia ya kima wangu ilitoka humo: mtu wa pupa, asiye na chembe ya adabu ya mezani, anayejuta kila akishajaza kiganja. Hakuna aliyeniandikia tabia hiyo, na nikisema kwa haki, hata mimi sikuiandika.

Kisha ikaja habari ya mkaa. Watu wa vijiji vya pale wanajua siku nyingi, na watafiti nao wameliandika, kwamba kima punju wa mashambani hula mkaa. Majani ya miembe na mikungu wanayoyapenda yana kemikali zinazokorofisha usagaji wa chakula, na mkaa huzinyonya. Kwa maneno mengine kima anakula dawa ya tumbo. Weka jambo hilo pamoja na mkono usiojua kuokota kidogo, na mchezo umeshajiandika: mama muuza mishikaki kawasha jiko, wateja wamejaa, na mkono unatokea nyuma ya kibanda, unakumba. Moto unafifia. Mama anaongeza, mkono unakumba tena. Kwa bei ya mkaa ilivyo sasa, wakubwa walicheka kuliko watoto. Baada ya mchezo mzee mmoja akauliza kwa sauti kubwa kima watakula nini tukiendelea kukata miembe ya mashamba ya zamani, na watu wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe. Wale wa karatasi za ujumbe wangelipia fedha nyingi kwa mabishano ya namna ile. Nimewaambia, nao wanatikisa kichwa kwa upole, kisha wananipa karatasi.

Najua mtu atasema mimi nina anasa ya kuokota makarara wakati wengine wanaishi kwa fedha za miradi. Nami nazila fedha hizo, sizikatai. Ninachowaomba ni kubadilisha mpangilio: kwanza nipewe wiki za kutengeneza, kikaragosi kiende, ndipo waje na ujumbe wao waone kipi kati yao kinaweza kubebeka.

Sura ni habari nyengine, na Zanzibar huwezi kuipita kimya. Ustadhi wa madrasa ya mtaani kwetu alikuja siku moja akasimama mlangoni nilipokuwa nachonga kichwa cha mti wa msufi. Nilimwamkia, akaitikia, akaangalia sana. Kisha akauliza, "Mwanangu, hivi macho ya nini?" Sikusudii kutoa fatwa hapa, wenye elimu wapo na wamekhitalifiana juu ya kutengeneza sura za viumbe. Kisa cha Bibi Aisha na wanasesere wake kinajulikana, pamoja na yule farasi mwenye mbawa aliyemfanya Mtume (S.A.W.) acheke. Waturuki waliokuwa wakifunga na kuswali kuliko wengi wetu walikuwa na Karagöz wao, kikaragosi cha vivuli. Java kule Indonesia, penye Waislamu kwa mamilioni, wayang ya vivuli inachezwa mpaka alfajiri. Lakini mimi swali la ustadhi nililichukua kama swali la ufundi, na kwa ufundi lilikuwa swali kali. Macho ya nini? Nani kasema lazima?

Nikatengeneza mwanamke wa buibui na nikabu, bila uso. Ndani kuna kijiti, mabega ya waya, na mkono mmoja. Miguu hana. Buibui nilikata kitambaa chepesi, na kwenye pindo nikashonea chubwi ndogo za mshipi ili lishuke vizuri na liyumbe kwa uzito wake. Halafu nikaenda kukaa Darajani penye daladala kusoma miendo, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu sijawahi kuona darasa tajiri kuliko lile. Kuna anayeshuka na kapu zito, bega lote limelala upande mmoja na pindo limeinuka upande wa pili. Kuna mwenye goti bovu, kila hatua ya kulia ina kituo kidogo, na buibui linatangulia mbele yake kisha linarudi. Kuna anayewahi kumchukua mtoto chuoni, yeye pindo halitulii hata kidogo. Kuna aliyevaa viatu vya kuazima kwa ajili ya harusi. Anatembea kwa uangalifu wa mtu aliyebeba maji, na ukimtazama kichwani huoni dalili yoyote, siri yote iko chini. Sisi tumezaliwa katika mji ambao unamtambua jirani yako kwa mwendo kabla hajafika, uso ameufunika na bado unajua umwamkie vipi. Hiyo ni elimu ya kikaragosi ambayo wanafunzi wa sanaa kwengine hulipia ada.

Nilipompitisha yule mwanamke wangu mbele ya baraza na ule mwendo wa goti bovu, mtoto mmoja aliruka: "Mama, shangazi huyo!" Shangazi mwenyewe alikuwepo, na alinisema mpaka magharibi.

Wajapani walilijua hili zamani. Katika bunraku, iliyomo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2008, kikaragosi kimoja huendeshwa na watu watatu: mkuu anashika kichwa na mkono wa kulia, wa pili mkono wa kushoto, wa tatu miguu. Lakini vikaragosi vya wanawake kwa kawaida havina miguu. Yule wa tatu hutia ngumi zake ndani ya pindo la vazi akalichezesha, na watazamaji wanaona hatua. Kwa hivyo mtu mzima anakaa ameinama, amevaa nyeusi na uso kaufunika, kazi yake pindo. Nilipoliona hilo kwenye video nilicheka peke yangu.

Na wapo Adrian Kohler na Basil Jones, walioanzisha Handspring Puppet Company kule Cape Town mwaka 1981. Farasi wao Joey wa mchezo wa War Horse, aliyepanda jukwaani London mwaka 2007, kiunzi chake ni cha henzirani na watu watatu wanaomwendesha wanaonekana waziwazi. Wao wanasisitiza pumzi: kabla kikaragosi hakijafanya lolote, kivute pumzi. Jaribu kwenye buibui. Mabega yapande kidogo, yashuke. Basi. Ukiyasimamisha ghafla, mtu wa mstari wa mbele ataanza kukunja uso kwa wasiwasi, na hapo unacho kitambaa, waya na chubwi tu. Kwa upande mwengine yuko Gado, mchora katuni mzaliwa wa Dar es Salaam, ambaye kuanzia 2009 aliwachekesha Wakenya kwa vikaragosi vya mpira vya wanasiasa wao, na kule sura ndiyo kila kitu. Namheshimu. Ila angepata shida akitaka kututengenezea mwanasiasa wa nikabu.

Linalonikaa kichwani sasa ni Ramadhani. Istanbul ya zamani vivuli vya Karagöz vilikuwa burudani ya usiku wa mwezi huo, watu wakishafuturu na kuswali wakaenda kwenye migahawa ya kahawa kutazama. Sisi tuna baada ya tarawehe hadi daku, watoto wamejaa Michenzani na Kikwajuni na hawana pa kwenda ila simu za kaka zao. Shuka nyeupe ipo kila nyumba, na umeme ukikatika kandili inatosha, tena kivuli chake kinatikisika vizuri zaidi. Waturuki walitumia ngozi ya ngamia iliyokwanguliwa mpaka ikapitisha mwanga. Sisi tuna ngozi za mbuzi zinazozagaa baada ya Idi ya kuchinja, na kukwangua ngozi ni kazi ya kila siku ya wanaowamba ngoma. Kivuli hakina macho, hapo hata ustadhi hatonisumbua, ingawa nashuku ataleta swali jengine gumu, na nalisubiri. Nimeshaanza kuuliza unene wa ngozi unaopitisha mwanga bila kuchanika ukitobolewa. Anayemjua fundi wa ngoma asiyechoka kuulizwa anielekeze, maana wangu siku hizi akiniona huingia ndani.