Mkaa wa makapi na maji ya rangi: wanaosita wana hoja

Watetezi wa kusafisha majitaka yenye rangi ya viwanda vya nguo kwa mkaa wa makapi hawahitaji maneno mengi. Pumba za mpunga, vifuu vya nazi, magunzi ya mahindi na makapi ya miwa yapo tele na mara nyingi huchomwa ovyo. Yakichomwa bila hewa na kuamilishwa, yaani kutobolewa vitundu vidogo sana, kwa mvuke au asidi ya fosforasi, hutoa mkaa ambao gramu moja inaweza kuwa na uso wa ndani unaozidi mita za mraba 1,000. Rangi hunaswa humo. Ni kweli, na mkaa wa vifuu unauzwa duniani siku nyingi kwa kusafisha maji.

Wanaosita, hasa waendeshaji wa mitambo ya majitaka ya viwanda vya nguo, huitwa wabahili. Kwangu mimi, wanasoma takwimu vizuri kuliko wanaowacheka.

Tazama ile namba inayorudiwa kila mara: miligramu 200 za rangi kwa gramu ya mkaa, au 300. Rangi gani? Aghalabu methilini bluu, molekuli ndogo yenye chaji chanya, tena ndani ya maji safi ya maabara. Mkaa ulioamilishwa kwa asidi kwa kawaida huwa na chaji hasi majini, basi rangi hiyo hujileta yenyewe. Lakini pamba hutiwa zaidi rangi tendaji, zile zinazojifunga na nyuzi kikemia. Hizo zina chaji hasi na molekuli kubwa, na vitundu vya mkaa wa vifuu vingi ni vidogo mno kwao. Majitaka yenyewe yamejaa magadi, yanayozidisha chaji hasi ya mkaa, pamoja na sabuni na wanga vinavyogombea nafasi zilezile. Namba ya maabara si ya uongo. Inajibu swali ambalo kiwanda hakikuuliza.

Kisha mkaa ukijaa? Rangi haijaharibiwa, imehama tu. Kuusafisha kwa joto kali hula nishati, na kila mara sehemu ya mkaa huungua.

Watetezi wana jibu zuri hapa: vitundu vinaweza kupanuliwa kwa kubadili njia ya kuamilisha, na mkaa ukiwekwa hatua ya mwisho, baada ya vijidudu kula uchafu mwingine, hudumu zaidi. Nakubali. Basi majaribio yatumie maji yaliyochotwa kwenye tangi la kiwanda, yakipita mfululizo katika mnara wa mkaa, na watuambie unanasa kiasi gani baada ya kusafishwa mara ya tano.