Mtoto Yuko Kijani, Mama Anang'ata Kanga

Jumamosi nilikwenda Kimara na wifi yangu kumwona mzazi. Tulibeba vya kubeba: pampasi, sabuni ya unga, na kuku mmoja aliyenitazama vibaya njia nzima. Mtoto mzuri, mashavu yamejaa, wiki ya tano sasa. Akalia, mama yake akatoa ziwa, akamweka, na hapo hapo akachukua ncha ya kanga akaing'ata. Vidole vya miguu vikajikunja. Sebule nzima ikaendelea na habari za bei ya mchele.

Nikamuuliza, "Mdogo wangu, inauma hivyo tangu lini?" Kabla hajafungua mdomo, shangazi mtu keshamjibia: "Uzazi ndivyo ulivyo, mwanangu. Sisi tumenyonyesha saba na hatukulia. Mtoto si unamwona anavyonawiri? Kliniki wamesema yuko kijani kwenye kadi, uzito wake uko sawa."

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa ugenini na nilikuwa sijala. Sasa niko kwangu, nimekula, na ninasema.

Mzani wa kliniki unampima mtoto. Mama haupandi. Lakini tumeufanya uwe shahidi wa kila kitu: mtoto akiongezeka uzito, basi kunyonyesha kunakwenda sawa, na mama anayelalamika anajidekeza. Huo ni uongo, na ni uongo unaochana ngozi za watu. Mtoto anayeshika ziwa vibaya anaweza kunenepa vizuri tu, mradi mama ana maziwa mengi na anakubali kuamka kila saa na kung'ata kitu. Unene ule una gharama, na anayelipa ni chuchu ya mama.

Mimi mwenyewe kliniki nimeulizwa mara nyingi, "Ananyonya?" Nikijibu ndiyo, kalamu inatiki, tunaendelea na chanjo. Mtu wa kusema "hebu mnyonyeshe hapa nione" nilimpata mmoja tu katika watoto wangu wote, naye alikuwa mwanafunzi wa ukunga aliyekuwa anafanya mazoezi. Ninajua foleni zilivyo. Ninajua muuguzi mmoja anaweza kuwa na benchi zima la akina mama mbele yake na kipaza sauti cha semina kinamwita upande wa pili. Hilo nawapa. Lakini dakika mbili za kutazama zinajibu maswali ambayo miezi miwili ya "vumilia" haiwezi kuyajibu.

Unatazama nini? Kama mtoto ameshika chuchu tu au ameingiza mdomoni na sehemu nyeusi inayoizunguka, hasa ya upande wa chini. Kama mdomo umefunguka wa kupiga miayo, au umebanwa wa kunywa soda kwa mrija. Kama kidevu kimegusa ziwa. Kama kichwa na mwili vimenyooka upande mmoja, tumbo lake kwa tumbo la mama, au shingo imepindishwa kama anachungulia dirishani. Na akiachia, unaiangalia chuchu yenyewe: imetoka mviringo wake, au imebapa na kuchongoka upande mmoja? Ikitoka imechongoka, ujue ilikuwa inasagwa kwenye paa gumu la kinywa wakati wote huo. Hapo hakuna mafuta yatakayosaidia. Unaweza kuipaka nazi ya Tanga nzima. Baada ya saa mbili inarudi kusagwa tena.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Shangazi wale wale wa "vumilia" ndio watakuja kushangaa mtoto wa miezi mitatu anapewa maji ya kunywa, uji mwepesi na maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa. Watauliza kulikoni. Mama atasema maziwa hayatoki. Kila mtu atakubali, kwa sababu "maziwa hayatoki" ni sababu ya heshima. Hakuna mwanamke atakayesimama mbele ya mama mkwe aseme, "Nilifika mahali nikawa naogopa mwanangu akiamka." Lakini ndicho kilichotokea. Maumivu ya chuchu ni moja ya sababu kubwa za wanawake kuacha kunyonyesha mapema, sehemu nyingi duniani, na kwetu tunayafunika na habari ya maziwa kukauka. Tena mara nyingine yanakauka kweli: ukiumia unapunguza muda, unaruka zamu ya usiku, ziwa halinyonywi, na ziwa lisilonyonywa linapunguza kutengeneza. Kisha tunaletewa mabango ya wiki ya unyonyeshaji, Agosti 1 mpaka 7, yenye mama anayetabasamu. Sijawahi kuona bango lenye mama aliyeng'ata kanga.

Nikiri jambo moja kabla sijarushiwa mawe. Siku za mwanzo inauma, na si kila maumivu ni ugonjwa. Chuchu ni ngeni kwa kazi hiyo, mtoto naye ni mgeni, na sekunde za kwanza za kushika zinaweza kukufanya umtaje marehemu bibi yako. Kwa wengi hilo linapungua ndani ya wiki moja au siku kumi. Mashangazi wana haki hapo. Lakini madaktari wa Academy of Breastfeeding Medicine, chama cha kimataifa cha madaktari wa mambo ya kunyonyesha, walitoa mwongozo mzima mwaka 2016 kuhusu maumivu yanayodumu, na mpaka wao ni wiki mbili. Ikipita hapo, kuna kitu, na kitu hicho kinatafutwa. Yule binti wa Kimara yuko wiki ya tano.

Mtoto wangu wa pili nilimzaa Mbeya, mwezi wa saba. Wanaoijua baridi ya Uyole mwezi wa saba hawahitaji maelezo. Alishika vizuri, nilikuwa nimeshajifunza, lakini akiachia tu, ncha ya chuchu inapauka, kisha inaiva rangi ya zambarau, kisha unakuja moto unaopenya mpaka mgongoni. Nikaambiwa fangasi. Nikapewa GV, ile dawa ya zambarau ya kupaka. Nikapaka, mtoto akawa na mdomo wa zambarau, mashuka yakawa ya zambarau, mume wangu akatokea kazini na doa kwenye kola ambalo alilazimika kulitolea maelezo. Maumivu yako pale pale. Mkunga mstaafu, jirani yetu, ndiye aliyeniuliza swali ambalo halikuwahi kuulizwa: "Inakuuma hivyo hivyo ukitoka kuoga, upepo ukikupiga?" Ndiyo, shikamoo, ndivyo hasa! Ilikuwa mishipa ya damu inajibana kwa baridi. Mfaransa mmoja, Maurice Raynaud, aliieleza hali hiyo kwenye vidole vya watu mwaka 1862. Chuchu nazo hupatwa. Dawa yangu ikawa joto: kitambaa kikavu kilichopashwa, kufunika ziwa mara tu mtoto akiachia, na kuacha kuoga saa ambazo hata mbwa wa Mbeya wamejikunyata. Wanaozidiwa daktari huwaandikia nifedipine, dawa ile ile ya presha. Na mara nyingi mishipa hujibana kwa sababu chuchu imebanwa mdomoni, kwa hiyo hata hapo unaanza na kutazama namna mtoto anavyoshika.

Mama yangu, Mtanga wa moto na kukanda, alikuwa ameniambia kwenye simu tangu siku ya kwanza, "Jifunike kifua, unapigwa na baridi." Nilimpigia kumpa ushindi wake. Bado anautumia.

Fangasi ipo, sisemi haipo. Mtoto akiwa na utando mweupe mdomoni usiofutika, chuchu zikiwasha na kung'aa, mpelekeni wote wawili watibiwe pamoja, maana mkimtibu mmoja wanarudishiana. Ninachokataa ni fangasi ya kubuni, ya kuandikiwa mtu ambaye kifua chake hakijaangaliwa.

Kuna pia ulimi ulioshikwa chini kwa kiuzi kifupi, mtoto hawezi kuutoa nje vizuri wala kuuinua. Huyo anaweza kusaga chuchu hata mama afanye mikao yote ya yoga. Daktari anautazama, na ikibidi anakata kidogo. Daktari. Kwa sababu najua neno litakalosemwa sebuleni: "kimeo." Kimeo kiko nyuma kooni, hakina uhusiano wowote na maumivu ya mama, na anayekuja na wembe kukikata aonyeshwe mlango. Watoto wamevuja damu kwa ujinga huo.

Halafu kuna ziwa kuvimba, kuwa gumu, na homa juu yake. Vitabu vingi vinasema tafuta wekundu. Kwa ngozi zetu wekundu unaweza usiuone, kwa hiyo gusa: joto, ugumu, maumivu mahali pamoja. Endelea kunyonyesha, weka kitambaa cha baridi baada ya mtoto kunyonya, na msiruhusu mtu alikamue ziwa kwa nguvu kama anafua shuka, wala alichane kwa kitana. Wale wale wa Academy walibadilisha mwongozo wao mwaka 2022: kukanda kwa nguvu na kukamua kupita mahitaji ya mtoto kunazidisha uvimbe. Homa isiposhuka ndani ya siku moja au mbili, hospitali, kabla halijawa jipu la kupasuliwa. Na chuchu ya upande mmoja yenye ukurutu usiopona kwa wiki na wiki, hata kama haiumi sana, nayo ionwe na daktari. Saratani huweza kuanza na sura hiyo, ingawa ni nadra.

Niseme jambo moja bila utani. Tuna akina mama wanaoishi na VVU wanaonyonyesha, wanatumia ARV zao vizuri, na watoto wao wanakuwa salama. Kwa mama huyo chuchu iliyochanika na kutoa damu, au ziwa lenye uvimbe, inaongeza hatari ya mtoto kuambukizwa. Huyu ndiye anayetakiwa kutolinyonyesha ziwa hilo mpaka lipone, alikamue, anyonyeshe la pili kama ni zima, na aende kliniki siku hiyo hiyo. Na huyu ndiye anayenyamaza kuliko wote, kwa sababu akisema chuchu inauma ataulizwa mengine asiyotaka kuyajibu mbele ya mawifi. Ukimwambia "vumilia" hujui unamwambia nani. Kwa sababu hiyo tu, neno hilo lingetosha kuondoka kwenye midomo yetu.

Wakati chanzo kinatafutwa, mtu bado ana mtoto wa kunyonyesha saa tisa usiku. Anza na ziwa lisilouma sana, maana mtoto akiwa na njaa kali ndipo anavuta kwa nguvu. Usimchomoe, ingiza kidole kisafi pembeni mwa mdomo wake, hewa iingie, ataachia mwenyewe. Badilisha mkao: jaribu kuegemea nyuma, mtoto juu ya kifua chako, umwache atafute mwenyewe. Sabuni kwenye chuchu, acha. Panadol inaruhusiwa, ibuprofen pia kwa asiye na vidonda vya tumbo, na ukimeza hutakuwa umemsaliti mtu. Ikishindikana kabisa, pumzisha upande mmoja, kamua kwa mkono na umnyweshe kwa kikombe kidogo. Mtoto mchanga anakunywa kwa kikombe, msishangae.

Waajiri: sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na akirudi kazini mpaka masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha. Kamuulizeni afisa utumishi wenu kama amewahi kuisoma. Waume: mna siku tatu za likizo, zitumieni kushika mto nyuma ya mgongo wake badala ya kupokea pongezi barazani.

Na mafuta. Najua watu wa krimu za chuchu wanasoma hapa, wengine ni rafiki zangu. Mwaka 2014 watafiti wa Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, walikusanya majaribio manne yenye wanawake 656, wakalinganisha krimu ya lanolini (mafuta ya sufu ya kondoo), marhamu na vibandiko vya jeli na kupaka maziwa ya mama mwenyewe au kutopaka kitu kabisa. Waliopaka maziwa yao au waliokaa bila kitu hawakuachwa nyuma, na kwa wengi maumivu yalishuka ndani ya siku saba mpaka kumi, wawe wamepaka nini. Kwa hiyo dada, kopo lako la elfu ishirini na tano zuri, linanukia, na mimi nalinunua kwa ajili ya visigino. Ukitaka kumuuzia yule binti wa Kimara, nenda naye kliniki kwanza, kaeni mpaka apatikane mtu wa kumtazama mtoto akinyonya. Kikibaki cha kupaka, mpake.